Ukurasa wa Kwanza Usomwe kwa Sauti

Kila inapokaribia likizo ya Desemba, wazazi wawili watatu hapa Kihesa, mjini Iringa, hunisimamisha njiani, wengine nikitoka kanisani, wengine nikiwa sokoni na kikapu mkononi, wakaniuliza swali lile lile: "Mwalimu, nimnunulie mtoto kitabu gani?" Safari hii mama mmoja, jirani ambaye tunaheshimiana sana, aliniongezea sharti: "Kiwe kitakachomsaidia mtihani." Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza kudondoka, na jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi niliyelitoa. Haya ndiyo ambayo ningemweleza kama tungekuwa tumeketi.

Kitabu cha mtihani mtoto anacho tayari, tena anavyo vingi: kipo cha maswali na majibu, kipo cha mitihani ya miaka iliyopita, kipo cha muhtasari wa masomo yote. Anachokosa ni kitabu atakachokishika pasipo kutumwa. Kitabu cha namna hiyo mimi hukichagua kwa sikio. Nasimama pale pale dukani, nafungua ukurasa wa kwanza, nausoma kwa sauti ya chini kana kwamba mtoto amekaa miguuni pangu. Nikijikwaa katika kila sentensi, narudisha kitabu mahali pake, hata kama jalada lake linang'aa. Nikifika chini ya ukurasa nami, mtu mzima, natamani kufunua wa pili, naenda kulipa. Wauza vitabu wa mjini Iringa wamekwisha kunizoea.

Sababu ya kutegemea sikio niliipata vijijini. Nimefundisha shule za msingi miaka 22, na 14 kati ya hiyo ilikuwa Mufindi, kwenye baridi na ukungu, ambako watoto wengi huingia Darasa la Kwanza wakiwa na Kihehe au Kibena kinywani, na Kiswahili wakikijua kwa kukisikia redioni na kwa wapita njia. Mtoto wa aina hiyo hujifunza kuunganisha silabi upesi, na ukimsimamisha mbele ya darasa atakusomea aya nzima bila kukosea, lakini ukimwuliza ni nini kilichotokea katika aya hiyo, anakutazama tu. Nilikuwa na mvulana mmoja wa Darasa la Nne wa namna hiyo. Siku moja nilichukua kitabu mkononi mwake, nikamsomea aya ile ile aliyotoka kuisoma, nikipandisha sauti panapostahili na kutua panapostahili, naye akacheka mahali ambapo mwandishi alikusudia acheke. Maneno yale yote alikuwa anayajua; hakuna aliyewahi kumsomea yakiwa pamoja. Tangu siku hiyo niliacha kuamini kwamba mtoto akishajua kusoma kimyakimya basi hahitaji tena kusomewa.

Katika shule moja niliyopita, ambayo sitaitaja, vitabu vya hadithi vilivyoletwa na wafadhili vilifungiwa kabatini ofisini ili watoto wasivichane. Kufuli lilikuwa zuri. Nilipopewa ufunguo baada ya miaka miwili ya kuomba, nilikuta unyevunyevu na panya wamefanya kazi yote tuliyoihofia kwa watoto, na viwili kati ya vitabu vile havikuwa vimewahi kufunguliwa kabisa, kwa maana kurasa zake zilikuwa bado zimegandana kama zilivyotoka kiwandani. Nimeyataja hayo kwa sababu wapo wazazi wanaofanya jambo hilo hilo nyumbani kwa nia njema. Kitabu cha mtoto kichakae, kitiwe alama ya ugali, kilaliwe.

Sasa nianze na Abunuwasi, maana kwa mtoto wa Darasa la Tatu hadi la Tano sijaona kinachomshinda katika kufungua masikio. Hekaya zake zimezunguka pwani yetu kwa muda mrefu, zikafika bara kwa vitabu vya shule, na wazee wengi mnaosoma hapa mlikutana naye mkiwa na kaptula za kaki. Huyu Abunuwasi ana asili ya mtu wa kweli, mshairi Abu Nuwas aliyeishi Baghdad zama za Harun al-Rashid, lakini katika Kiswahili amekuwa mtu wetu kabisa, maskini mwenye akili anayewashinda matajiri kwa maneno yao wenyewe. Chukua kisa cha sufuria. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha pamoja na kisufuria kidogo akisema imezaa, na jirani anapokea kwa furaha. Akiazima tena, safari hii harudishi, anasema imekufa. Jirani anapolalamika kwamba sufuria haiwezi kufa, anaulizwa aliwezaje kuamini kwamba imezaa. Nimekisoma kisa hiki mbele ya madarasa mengi, na kila mara kuna mtoto mmoja anayelielewa jibu nusu dakika kabla ya wenzake, akashika mdomo wake kwa mikono miwili. Kwa mtoto huyo huo ndio mwanzo wa kufikiri kwa hoja, na hakuna aliyemwambia kwamba anafundishwa.

Hapo nina neno kwa waandishi wa vitabu vya watoto wa siku hizi, na nalisema kwa upendo. Vitabu vingi ninavyovirudisha rafuni vina kosa moja: mtoto mtukutu anatoroka shule, anavunjika mguu, anaomba msamaha, basi. Mtoto anayesoma anaujua mwisho tangu jina la kitabu. Sina ugomvi na maadili. Mimi mwenyewe ni mwalimu na mzazi. Lakini funzo lililowekwa mezani kabla ya chakula halina anayelila.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Shaaban Robert, ambaye nampenda kupita kiasi, naye ni mtu wa mafunzo. Ni kweli, tena kuliko wote. Katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, miaka kumi kabla ya kifo chake, hata majina ya watu yanakuambia tabia zao: Adili ni mwadilifu, na ndugu zake wawili ni Hasidi na Mwivu. Kwa kipimo changu mwenyewe kitabu hiki kingepaswa kunishinda. Kwa nini basi ndicho kilichonipa usiku mzuri kuliko zote nyumbani kwangu?

Ilikuwa Julai ya mwaka juzi, baridi ya Iringa ikiwa imeshika kweli kweli, umeme umekatika, nasi tumejikunyata jikoni: mimi, binti yangu aliyekuwa Darasa la Sita, mdogo wake wa Darasa la Pili, na mtoto wa kaka yangu aliyekuja likizo kutoka Njombe, kijana wa Kidato cha Kwanza aliyekwisha kujiona mkubwa mno kwa hadithi. Nilisoma kwa mwanga wa taa ya simu. Liwali wa Janibu, mtu mpole ambaye raia wote wanamsifu kwa wema, anafuga manyani wawili, na kila usiku anawachapa. Hapo tu. Mtu mwema, manyani wawili, mjeledi, kila usiku. Kijana wetu wa Njombe alikuwa amelala ubavu akiutazama ukuta, akageuka. "Shangazi, kwa nini anawachapa?" Nikamwambia kwamba hata mfalme katika hadithi anataka kujua swali hilo hilo, na kwamba tutalala kwanza. Hakulala. Nilimkuta asubuhi amekalia kigoda nje, kwenye jua la kwanza, akiwa kurasa arobaini mbele yetu, na ilinibidi nimwapishe asiwaambie wenzake.

Sisemi hapa kwa nini manyani wanachapwa, kwa ajili ya wale ambao hawajasoma. Ninachosema ni kwamba Shaaban Robert alijua kuweka kitendawili mbele na funzo nyuma, na mtoto anayebeba swali huvumilia hata Kiswahili kizito. Kizito kipo. Neno "nduguze" lenyewe lilihitaji maelezo, kwamba ni ndugu zake kwa kifupi, na kwamba ndivyo tunavyosema pia "mwenzake" na "babaye". Na "liwali" ikatupeleka katika mazungumzo marefu juu ya utawala wa zamani wa pwani. Nilisimama mara nne au tano kwa usiku, si zaidi. Mengine niliyaacha yapite, kwa maana mtoto husoma kama anavyokula samaki, akitema miiba bila kuambiwa. Kitabu hiki nakipendekeza kuanzia Darasa la Sita, kwa sharti moja: mtu mzima asome sura mbili tatu za mwanzo kwa sauti. Kusadikika, cha mwaka 1951, ningekisubirisha hadi Kidato cha Pili, kwani mashtaka ya Karama na safari za wajumbe zinahitaji msomaji aliyekwisha kuona angalau mkutano mmoja wa kijiji ukienda mrama.

Jambo lililo karibu zaidi na moyo wangu ni hili linalofuata. Mtoto wa Iringa anakua katikati ya historia ambayo nchi nzima inaisoma, naye anaikuta darasani ikiwa mistari mitatu ya kukariri: Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski, kamanda wa Kijerumani, na jeshi lake wakashindwa, Kalenga, ngome ya Wahehe, ikaanguka Oktoba 1894, Mkwawa, mtawala wao, akajiua 1898. Anaiandika, anapata alama, anaisahau. Miaka mingi nilifundisha hivyo hivyo, nami nilikuwa na Kalenga kilomita chache tu kutoka darasani kwangu nilipohamia mjini. Kilichonitoa hapo ni Mugyabuso Mulokozi. Yeye si mtu wa huku, ni mtu wa Kagera, lakini ameiandikia Uhehe kuliko sisi wenyewe tulivyojiandikia: kwanza tamthilia yake Mukwava wa Uhehe ya mwaka 1979, ambayo ni ya wanafunzi wakubwa, kisha riwaya fupi za kihistoria alizowakusudia vijana, nazo zote zimebeba neno moja katika majina yake: Ngome ya Mianzi, Ngoma ya Mianzi na Moto wa Mianzi.

Mianzi! Mtoto wa kwetu hahitaji picha ya mwanzi. Ameuona ukikatwa ncha na kutegwa kibuyu wakati wa mvua, ameonja ulanzi mtamu kabla haujachachuka, wengine wametumwa kuugema alfajiri. Anapokiona kitabu chenye neno hilo kwenye jalada anajua kwamba kimeandikwa juu ya mahali alipo. Sijui kama mtoto wa Dar es Salaam anaelewa jambo hili ni kubwa kiasi gani, kwa kuwa yeye amezoea kuikuta mitaa yake vitabuni. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, kwa unyofu kabisa, kama ni halali kuandika jina la Kalenga katika kitabu cha hadithi.

Baada ya kusoma tulikwenda. Tulipanda gari la abiria la kuelekea barabara ya Ruaha, watoto kumi na mmoja na mimi, tukashuka Kalenga na kuingia katika jumba la makumbusho ambamo limehifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, baada ya kudaiwa hata katika Mkataba wa Versailles. Nilijiandaa kutoa maelezo. Sikutoa. Watoto waliokuwa wakisukumana ndani ya gari walisimama mbele ya kioo wakanyamaza, na binti yangu alinong'ona jina la mtu wa kitabuni, kana kwamba anamwuliza jamaa aliyemfahamu. Kabla ya kitabu nilikuwa nimewapeleka wanafunzi wengine mahali pale pale. Walizunguka chumba kwa dakika kumi, wakauliza choo kiko wapi.

Kuna vitabu ambavyo wazazi huniomba nisiwape watoto kwa kuwa vinahuzunisha, na kinachotajwa sana ni Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, kilichotoka mwaka 2002 na kusomwa katika shule za sekondari. Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, mama yao anahangaika na biashara ya chakula jijini Dar es Salaam, na baba yao, Mzee Lomolomo, ameolewa na pombe. Ni kitabu kigumu kwa moyo, na kuna sehemu ambazo mimi mwenyewe nazisoma nikiwa nimekaza meno. Hata hivyo sikubaliani na kukificha. Nilipokisoma na wanafunzi wakubwa wa Mufindi, kwa sehemu, msichana mmoja mkimya aliinua mkono akasema, "Mwalimu, dada yangu yuko huko Dar, anafanya kazi za ndani." Kisha mwingine akainua, na mwingine. Kila mtu anayeishi mkoa huu anajua ni wasichana wangapi wadogo wamepakiwa katika mabasi kwenda kulea watoto wa watu mijini, na ni nyumba ngapi zinangoja simu isiyopigwa. Darasa lile halikuwa limewahi kulizungumza jambo hilo hadi watu wa kitabuni walipolifungulia mlango. Tuliacha kusoma siku hiyo. Tulizungumza hadi kengele ya chakula, na nilijifunza mambo juu ya wanafunzi wangu ambayo daftari la mahudhurio halikuwahi kunionyesha.

Kwa hiyo kitabu cha huzuni mpe mtoto, ila usimwachie peke yake nacho. Kaa karibu. Vivyo hivyo kwa Takadini cha Ben Hanson, hadithi ya Sekai, mwanamke wa Zimbabwe aliyesubiri mtoto kwa miaka mingi na kumpata akiwa na ualbino, akakimbia naye usiku ili asiuawe kwa mila. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, na Nyanda za Juu Kusini nazo hazikusalimika na hofu hiyo, sioni ni kitabu gani kingine cha sekondari chenye haki zaidi ya kusomwa na kila kijana. Kinapatikana kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Anzeni na cha Kiswahili.

Hilo linanifikisha kwa watoto wanaotoka Darasa la Saba. Mtoto anaingia Kidato cha Kwanza, lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza, na wazazi wengi wanaondoa vitabu vyote vya Kiswahili nyumbani wakidhani wanamsaidia. Matokeo yake nimeyaona kwa mtoto wa kaka yangu: kwa muhula mzima hakusoma kitabu chochote, cha Kiswahili kwa kuwa kimekatazwa, cha Kiingereza kwa kuwa hakielewi. Alikuwa msomaji, akakauka. Vitabu vyepesi vya Kiingereza vilivyotungwa kwa ajili yetu vipo, kama Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, ambacho ni kifupi, kinafurahisha na kinaongea juu ya watu tunaowajua, na hicho ndicho nilichompa. Lakini nilimpa pamoja na riwaya ya Kiswahili, na kila jioni alichagua mwenyewe aanze na kipi. Anayesoma kwa hamu katika lugha moja hubeba hamu hiyo kwenda nyingine. Nimeliona hilo mara nyingi mno kulitilia shaka.

Kwa wadogo kabisa, wa Darasa la Kwanza na la Pili, sitasema mengi. Wanataka picha kubwa, sentensi fupi na mnyama anayezungumza. Mwenye simu anaweza kupata bure hadithi za Kiswahili za African Storybook kwenye intaneti, akachapisha kurasa chache na kuzishona kwa uzi. Mwanangu wa mwisho anavyo vijitabu tisa vya aina hiyo, na kimoja kimeshonwa upya mara tatu.

Kuhusu fedha, najua mahindi yanatangulia. Ndiyo maana nawasihi wazazi wa mjini waitumie maktaba ya mkoa, ambayo ni ya watu wote na ina sehemu ya watoto, na wa vijijini waungane nyumba tano, kila moja inunue kitabu kimoja kwa mwaka na kukizungusha. Sisi hapa mtaani tulianza na vitabu vinne katika boksi la sabuni. Sasa ni 61. Nimeandika jina la kila anayeazima katika daftari la mistari, na sijawahi kutoza faini.

Jirani yangu nitamletea Abunuwasi kesho asubuhi, kwa ajili ya kijana wake wa Darasa la Nne, nami nitamwomba asome kisa cha sufuria kwa sauti kabla ya chakula cha jioni. Cha Mulokozi itabidi asubiri. Nakala yetu ya Moto wa Mianzi imeazimwa tangu Septemba na binti mmoja wa Mlandege, na nilipomwulizia juzi aliniambia kwamba amekwisha kukimaliza, lakini bibi yake bado.